Mdomo Chini ya Kiti cha Dereva

Sogeeni. Aliye bado mlangoni aingie afunge, baridi hatukuialika. Wewe mwenye mbegu za alizeti, meza kilichomo mdomoni na hizo nyingine zirudishe mfukoni. Hadithi hii haimtaki mtafunaji. Na simu zigeuzeni kifudifudi. Nataka kimya cha kusikia jiko likivuta hewa, maana ninachosimulia kilianza na pumzi, na mwenye kelele haisikii pumzi.

Kilianza na kitu kidogo. Ilikuwa siku moja baada ya arobaini ya Kubat, mtoto wa kaka yangu. Mkewe, Zuura, alitoka uani alfajiri akalikuta gari la marehemu limeganda barafu kwenye kioo cha mbele. Hilo si la ajabu hapa Kochkor, kwetu milimani. Ajabu ni kwamba barafu ilikuwa upande wa ndani wa kioo, si nje, na mbele ya usukani palikuwa na duara dogo safi, kimo cha uso wa mtu mrefu, kana kwamba mtu alikaa pale usiku kucha akipumua. Milango ilikuwa imefungwa. Ufunguo Zuura alikuwa amelala nao chini ya mto.

"Shangazi," aliniambia, "njoo uangalie, halafu uniambie mimi si mgonjwa."

Nikaangalia. 

Sasa niwaeleze hao watu. Kaka yangu Dooronbek alikuwa dereva wa lori la ushirika miaka ishirini na sita. Mkewe alimfia mapema, akabaki na mwana mmoja, huyo Kubat. Mimi ujane ulinirudisha nyumbani, nikakaa chumba cha pili ndani ya ua uleule. Kubat alipooa alinunua gari la Kijapani, kuukuu, usukani kulia, la kubebea watu na madebe ya maziwa. Aina ile injini yake hukaa chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona unainua kiti cha dereva kama kifuniko cha sanduku. Na halikuwa na kabureta kama lori la kaka. Lilikuwa na kompyuta yake ndogo inayoipima hewa inayoingia, ikishaipima inaipa petroli ya kuitosha, si zaidi, si pungufu. Hayo alinieleza Zuura. Baba yake alikuwa fundi mjini Naryn, hakujaliwa mtoto wa kiume, basi spana akamkabidhi binti. Wanaume wa hapa walimwita fundi mwenye hereni, mpaka siku magari yao yalipogoma. Siku hiyo hereni hawakuziona tena.

Kaka yangu alikuwa na namna moja tu ya kumpenda mwanawe. Asubuhi za baridi, kabla Kubat hajaamka, yeye alishatoka na taa yake ya kupuliza moto, ile ya shaba yenye pampu, akaisukuma chini ya gari, mwali wa buluu ulambe tumbo la injini mpaka oili iwe nyepesi kama chai. Ndivyo walivyoyaamsha malori ya ushirika.

Zuura alimwambia mara moja, kwa adabu zote. "Baba, gari hili halitaki moto. Huko chini lina mipira mingi."

Kaka akacheka. "Mwanangu, mimi nimeamsha malori wakati baba yako bado anaendesha punda. Chuma ni chuma."

 Mkwe atasema mara ngapi?

Desemba ile Kubat alivuka mlima Dolon kumpeleka mgonjwa Naryn, akarudi peke yake. Theluji ikamfungia njia kule juu kabisa. Akazima injini atunze petroli. Kulipokucha akawasha, na gari likafanya ule ugonjwa liliokuwa limeuanza wiki mbili nyuma: lilikosa sailensi. Yaani likiwa baridi halikuweza kunguruma lenyewe kwa utulivu. Lilipanda, likashuka, likazima, usipolikanyagia mafuta. Likawaka likazima, likawaka likazima, mpaka betri ikaisha. Upepo ulivuma siku mbili. Waliomkuta walisema mguu wake ulikuwa bado umekanyaga.

Ngojeni kidogo. Nipeni chai.

Haya. Baada ya arobaini Zuura alisema maziwa ya kijiji hayawezi kungoja mume afufuke, ataliendesha gari yeye. Kaka hakubisha. Ila asubuhi ya kwanza, mkwe alipofika uani na ufunguo, alimkuta mzee yuko kule chini tayari, amelala kifudifudi juu ya theluji, taa yake inavuma.

Zuura akawasha. Injini ikashika. Mlio ukapanda juu, ukashuka mpaka karibu na kufa, ukapanda tena, ukashuka. Ukiwa mbali ungesema mtu anapanda mlima mbio huku kifua kimembana. Likaendelea hivyo robo saa, na injini ilipopata joto likatulia, likanguruma kama paka. Na ndani ya gari, Zuura aliniambia baadaye, palijaa harufu ya sufi mbichi na mafuta ya kondoo, harufu ya koti la Kubat lililolowa. Koti lile tulikuwa tumeligawa msibani.

Fundi mmoja wa mjini alilikagua akasema gari ni zima, mwanamke ndiye ana huzuni. Zuura alirudi amekunja uso. "Bila shaka ni zima. Limefika kwake lina joto. Ni ugonjwa unaojificha ukimwona daktari. Huu unatibiwa hapa uani, alfajiri, likiwa limeganda."

Basi akaanza. Kila asubuhi kitu kimoja, maana alisema ukigusa viwili kwa pamoja hujui kilichoponya ni kipi. Siku ya kwanza alisafisha vichwa vya betri. Siku ya pili akatoa plagi, akazikuta zimepauka kama mifupa, akasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli yake. Siku ya tatu akatoa sensa ya joto, ile inayoiambia kompyuta kama injini ni baridi, akaitumbukiza kwanza kwenye theluji halafu kwenye birika langu la maji moto huku akisoma mita. "Haina kosa," akasema, na birika langu mpaka leo lina ladha ya shaba. Siku ya nne akafungua kilango cha hewa ya sailensi, kilikuwa cheusi kwa masizi, akakiosha kwa petroli kikang'aa. Kila mara gari lilijaribu kuwa jema kidogo, halafu likarudia kupanda mlima.

Na kila asubuhi kaka aliwahi kuliko jana. Nilimwambia, "Kaka, mkwe amekuomba uache moto ili aone ugonjwa."

"Linaomba," akasema.

"Nani anaomba?"

Akanitazama kama mtu niliyemwamsha. "Wewe lala, mtoto wa mama."

Kesho yake nilimfuata. Nilijifunga shali mbili, nikasimama nyuma ya rundo la samadi kavu, mbingu ikiwa bado ya kijivu na nyota mbili tatu zimesahauliwa juu ya milima. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva na mlango wazi, taa inawaka chini, injini inapanda na kushuka, na mwanzoni sikusikia ila injini, panda na shuka, panda na shuka, kisha kila iliposhuka karibu na kufa nikaanza kusikia chini ya mlio ule mlio mwingine mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa meno yaliyofungwa, na ule mlio ulikuwa na umbo, na lile umbo lilikuwa neno, na neno lilikuwa "Baba," na iliposhuka tena lilikuwa "Baridi," na sauti ile, wajukuu zangu, niliipakata ikiwa na siku tatu duniani, siwezi kuikosea, ilikuwa ya Kubat, na kaka yangu alikuwa ameinamisha uso mpaka kati ya magoti, juu ya kiti kile, akisema, "Nipo mwanangu, moto huu hapa, nipo," na ndipo nilipoliona lile ambalo hata sasa nikilisema mgongo unanisisimka: baridi ilikuwa ya kupasua ndoo, pumzi yangu ilitoka nyeupe kama maziwa, mbwa alipumua nyeupe, chini ya kiti ilitoka nyeupe nzito kama ya farasi aliyekimbizwa, na mdomoni mwa kaka yangu, aliyekuwa akisema na kulia, hapakutoka kitu.

Nilimweleza Zuura jikoni, kwa kunong'ona, mlango nimeuegemea.

Hakushtuka. Alikuwa akikanda unga, akaendelea kukanda. "Nimeisikia, shangazi. Tangu wiki iliyopita."

"Ni yeye?"

Akakanda muda mrefu. "Mume wangu hakujua kuomba. Hata maji ya kunywa alijitekea. Na angeniita mimi, shangazi. Nimekaa kwenye kiti kile kila siku, nimemwita kwa jina nililokuwa nikimwita tukiwa wawili. Halijaniita hata mara moja." Akaukandamiza unga kwa ngumi. "Ningelijua ni yeye, mngenikuta nimekaa pale na mimi nimeganda. Mzee anakwisha. Umeviona vidole vyake?"

Nilikuwa nimeviona. Vilikuwa vyeusi nchani, vimeungua kwa baridi, vidole vya mtu anayeshika moto kila siku.

Tukamwita Bibi Burul. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mjeledi kiunoni, amewatoa watu pepo na majini tangu usichana wake, na mdomo wake haukuwa na pazia. Alilizunguka gari mara tatu akinusa, akapiga teke tairi.

"Jini la ndani ya mtu nalijua," alisema. "La ndani ya mashine ndiyo kwanza nalikuta. Lakini jini ni jini. Limeumbwa kwa moto na halishibi moto. Hili lilikuwa kule mlimani, limemkuta kijana anakata roho, likapata tundu, likaingia na sauti yake. Sasa linamnyonya baba kupitia taa. Kila jini lina tundu lake. Wewe fundi mwenye hereni, ukiinua hicho kiti huwa unatafuta nini?"

"Hewa inayoingia bila kupimwa, bibi. Kuna mahali injini inavuta pumzi ambayo kompyuta haiijui. Baridi ikija mpira unakakamaa, ufa unafunguka. Joto likija ufa unajifunga. Lakini sijauona ulipo. Huko nyuma jicho halifiki."

Burul akacheka bila furaha. "Basi tunatafuta kitu kimoja. Mimi ninao moshi. Wewe unayo njia ya kuupitisha?"

Zuura alimwangalia yule bibi, akaanza kuelewa, na akaenda ghalani kuleta pampu ya mguu.

Tulifanya alfajiri ya Ijumaa. Burul alichoma matawi ya mreteni ndani ya debe lenye kifuniko, ule moshi tunaofukiza watoto na nyumba kumfukuza mwovu. Zuura aliunga debe na pampu kwa mpira, akachomeka ncha kwenye koo la injini pale hewa inapoingilia, akaziba pembeni kwa matambara. Injini ilikuwa imezimwa. Kaka alikaa kwenye kigoda mbali kidogo, tumemfunga mablanketi. Alikuwa mwepesi kama ndege. Taa yake nilikuwa nimeificha mimi.

Zuura akakanyaga pampu. Polepole. Burul anasoma dua.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kutoka nyuma kabisa ya injini, kutoka chini, kwenye mpira mnene kama kidole gumba unaopita juu tu ya tumbo la oili, moshi ukaanza kutoka. Haukutoka kama moshi. Ulitoka kwa mafungu, ukasita, ukatoka, ukasita. Zuura akalala tumbo juu ya chuma na tochi mdomoni, akaingiza kioo kidogo. Nami nilikiona kioo kile. Mpira ulikuwa umepasuka kwa urefu kama mdomo, na kingo zake zilikuwa nyeusi, zimekaangika. Chini yake chuma kilikuwa na masizi yenye umbo la mwali.

Zuura alitoa tochi mdomoni. Nilimwona akielewa. Nilimwona akilikunja jambo lile na kulificha moyoni kwa muda wa kope kupepesa.

"Mpira umezeeka, baba," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Vitu vya mpira huzeeka. Ninao mwingine."

Na injini iliyozimwa ikavuta pumzi.

"Baba," ule mdomo ukasema, na safari hii haukuomba. "Taa yako, baba. Taa yako ndiyo iliyonipasua. Nilikanyaga mpaka mguu ukafa. Mwulize mke wangu. Ameona."

Burul akainua mjeledi. Zuura alikuwa amesimama mbele ya mzee amenyoosha mikono kama anazuia upepo. "Usimsikilize, baba. Huyo si Kubat. Ni mwongo."

"Si mwongo," kaka akasema.

Aliondoa mablanketi moja moja, akasimama. "Nilijua, mwanangu. Gari liliporudi nililala chini yake nikauona mpira. Nimewasha moto miaka ishirini na sita, nitashindwa kujua alama ya moto wangu?" Alikuwa anazungumza na Zuura lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kiti kilichoinuliwa. "Likaanza kuniomba moto. Nikasema, aliyemnyima mwanawe joto ana haki gani ya kukataa akiombwa. Na linipe tu ile sauti. Nilijua linanila. Niliona bei ni ndogo."

 Burul akashusha mjeledi.

"Mzee," bibi yule akasema mwishowe, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "anayekuomba si uliyemkosea. Uliyemkosea amelala makaburini na hana baridi tena. Mimi siwezi kulitoa hili. Umelifungulia mwenyewe, funga mwenyewe."

Kaka akamwuliza Zuura, "Nikifunga, nitasikia nini tena?"

"Hutasikia kitu, baba," Zuura akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa hayafuti. "Na mimi sitasikia. Tutakaa humu ndani wawili, tusiosikia."

Basi kaka akapanda garini. Mpira wa zamani ulikatwa, na ulipotoka, sauti ikaanza kubadilika, ikawa ya Kubat wa miaka kumi, ikawa ya Kubat wa miaka minne anayeogopa giza, ikasema, "Baba usinifungie, baba nitakuwa mwema," na mimi niliziba masikio na nikaisikia bado. Vidole vya kaka vilivyokufa havikuweza kuushika mpira mpya. Ulimponyoka mara mbili. Zuura akapitisha mikono yake juu ya mikono ya mzee, kama unavyomfundisha mtoto kufunga kifungo, wakausukuma pamoja upande wa kwanza, wakausukuma upande wa pili. Sauti ikawa nyembamba kama uzi. Kaka akasema kitu ambacho sikukisikia. Zuura akakaza klipu, robo mzunguko, na robo nyingine, na ile harufu ya koti lililolowa ikaondoka uani mara moja, kama mtu amefungua mlango.

Akateremsha kiti. Akawasha.

Injini ilishika mara ya kwanza. Ikanguruma juu juu kidogo kama inavyopaswa ikiwa baridi, kisha ikateremka taratibu, taratibu, ikatulia. Haikupanda, haikushuka, haikusema kitu. Ilikuwa gari. Kaka alisimama kando yake ameegesha sikio kwenye bati, akisikiliza, na tulimwacha asikilize mpaka jua likafika uani. Ndipo mdomo wake ulipofunguka akalia kwa sauti, kilio alichokinyima msiba, na pumzi yake ikatoka nyeupe, nyingi, ikapanda juu ya paa la nyumba.

Alikatwa vidole vitatu hospitalini, akaishi baridi nne zaidi.

Alipoona anaondoka alituita sote akagawa. Farasi alimpa mpwa wetu wa Naryn, anayejua kumtunza. Nyumba akampa Zuura, aolewe tena au asiolewe, na gari lilikuwa lake tangu zamani. Mimi nilirithi ng'ombe mmoja na ugomvi wa mpaka wa majani na jirani, na wote wawili bado nawalisha. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Tangu uingie nyumba hii hujalitamka jina langu, kama ada inavyomtaka mkwe. Nakuachia hilo. Siku wakinitoa, liseme, pamoja na lolote ulilo nalo moyoni. Usiniite baba siku hiyo."

Wanaume walipombeba kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki ndani ya hema la msiba, nyuso zimegeukia ukuta, tukiomboleza mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Zuura ikafika. 

"Dooronbek," akasema. Wazee wa kike wakashika midomo. Akalisema mara ya pili, kwa sauti ya kufika nje. "Dooronbek. Ni baridi ndiyo iliyomuua Kubat."

Hilo jina ndilo alilorithi Zuura, na hivyo ndivyo alivyolitumia.